Abiria Aliyefutwa

Mwenye gari alisema mwenyewe, kwa kinywa chake, akiwa amesimama kwenye geti la gereji: "Fundi, shida yangu ni taa ya injini tu. Hicho kiti cha mbele kikilia, kiache kilie."

Mtu mwenye akili angeuliza kwa nini. Fundi yule hakuuliza, alicheka tu. Wateja walimwita Dokta kwa sababu ya mashine ya kupimia magari aliyoining'iniza shingoni kutwa nzima, na mtu akishaitwa Dokta huona kuuliza ni aibu.

Alikuwa fundi mzuri, hilo tusimnyime. Magari ya siku hizi yana kompyuta nyingi kuliko vyuma, na yeye hakuwa wa kugongagonga boneti na kutega sikio. Alichomeka waya wa mashine yake chini ya usukani, gari likasema lenyewe linaumwa wapi. Ubaya wake ulikuwa mmoja: hakuweza kuona taa imewaka akaiacha. Kuna watu hawawezi kulala sahani ikiwa chafu. Yeye alikuwa hivyo kwa taa za dashibodi. Ukimletea breki, anakurudishia breki, na redio iliyokuwa bubu, na kioo kilichokuwa kinakwama, na bei ni ile ile. Watu walimsifu mpaka wakamharibu. Sifa humfanya mtu atie mkono kwenye shimo ambalo hakutumwa.

Taa ya injini haikumsumbua. Sensa ya hewa, kile kifaa kinachopima hewa ya injini, ilikuwa imezibwa na vumbi. Akaisafisha, akafuta kosa, injini ikanguruma kwa adabu. Hapo angefunga boneti akampigia mwenye gari. Lakini muda wote alipokuwa ndani, kengele ya mkanda ilikuwa inalia. Ti, ti, ti. Ile ile inayolia abiria akikaa mbele bila kufunga mkanda. Na abiria hakuwepo. Palikuwa na kiti cha kitambaa cha kijivu, kisafi, hakina hata gazeti juu yake.

Fundi rangi, aliyekuwa anapiga msasa gari la jirani, akainua kichwa. "Dokta, una mgeni humo?"

"Mgeni gani? Sensa imelewa."

"Basi mfunge mkanda mlevi wako, ametutoboa masikio."

Dokta akafungua ukurasa wa viti kwenye mashine. Ikamwandikia: kiti cha abiria, kuna mtu. Uzito, kilo sabini na mbili.

Akacheka peke yake. Akanyoosha mkono kukiminya kiti, maana sensa iko chini ya kitambaa, na ukiminya namba hupanda. Namba ikashuka. Ikashuka taratibu, kama vile mtu amejisogeza pembeni kumpisha. Kitambaa kilikuwa na joto, na joto lenyewe lilikuwa na unyevu, na pakatoka harufu ya nguo zilizosahauliwa kwenye ndoo zikachacha. Alipoondoa mkono, namba ikarudi pale pale, sabini na mbili.

Mwingine angetoka. Dokta alijifuta mkono kwenye suruali.

Sensa hizi zina utaratibu wake. Zikipotea hesabu, unahakikisha kiti hakina kitu, halafu unaiambia kompyuta ya gari: hivi kilivyo sasa, ndiyo sifuri. Kuanzia hapo inahesabu upya. Kabla haijakubali, mashine humwuliza fundi, na haimwachii fundi yeyote bila kumwuliza: Una hakika hakuna mtu kwenye kiti?

Dokta akakitazama kiti. Akabonyeza Ndiyo.

Kengele ikakatika katikati ya mlio. Fundi rangi akapiga makofi. Mashine ikaandika sifuri, na Dokta akawa na furaha ya mtu aliyetoa mwiba usio wake.

Mchana akalitoa gari kulijaribu barabarani, na kwa kuwa njia ilipita shule ya chekechea, akampitia binti yake. Huyu mtoto walimwita Unyoya. Alizaliwa kabla ya miezi yake, na hata alipofika umri wa kuhesabu na kujibizana, mama yake aliweza kumwinua kwa mkono mmoja huku mwingine unakoroga sufuria. Ndiye pekee waliyempata. Wengine walikuja wakarudi walikotoka.

Unyoya akapanda mbele, akafungwa mkanda. Akakaa kwenye ukingo, mgongo haujagusa kiti.

"Egemea vizuri, mwanangu."

"Sitaki, baba. Kifua chake kimelowa."

Dokta alidhani anasema kiti. Watoto husema mambo. Akaongeza moto, akaisikiliza injini, akafurahi.

Nyumbani mama alitoka mlangoni na kanga yake ya kazi, akafungua mlango wa gari, akapitisha mikono chini ya makwapa ya mtoto kama kila siku. Mtoto hakuinuka. Akavuta tena.

"Wewe! Shuleni wamewalisha mawe?"

"Nitashuka mwenyewe," alisema Unyoya, na akashuka. Gari lilipanda juu upande ule, springi zake zikagugumia, kama linavyopanda mtu mzima anaposhuka. Mama aliliona. Baba hakuliona, alikuwa anaangalia kama dashibodi ina taa yoyote. Haikuwa na taa.

Kwanza kikavunjika kigoda. Kilikuwa kigoda cha zamani, wakakisingizia uzee. Halafu, jua lilipokuwa linazama na mama ameshachota maji ya kumwogesha mtoto, akajaza beseni nusu kama kawaida, akamwambia aingie, na Unyoya akaingia na kukaa; na maji yakapanda, yakapita ukingo pande zote, yakamwagika sakafuni yakamfikia mama miguuni, yakapita chini ya mlango kwenda ukumbini, mpaka ndani ya beseni hakukubaki kitu ila mtoto mdogo mwembamba anayetetemeka, amekunja magoti, na pembeni yake, pale ambapo maji yangepaswa kuwa, nafasi.

Mama hakupiga kelele. Alimfuta mtoto kwa taulo, na alipomfuta mgongo taulo likashika unyevu usioisha, unakausha na unalowa, unakausha na unalowa, na ile harufu ya nguo zilizochacha ikajaa chumba, na akasikia pumzi mbili, moja ya haraka ya mtoto anayehisi baridi, nyingine ndefu, ya taratibu, ya mtu aliyepumzika, na zote mbili zilikuwa zinatoka mahali pamoja.

"Baba Unyoya," aliita kwa sauti ya chini. "Njoo. Usikimbie. Njoo tu."

Dokta akaja, viatu vikichapa maji. "Bomba limepasuka?"

"Mwinue mwanao."

"Nini tena?"

"Nimesema mwinue."

Dokta ni mtu aliyezoea kubeba giaboksi. Akainama, akamkumbatia mtoto, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Uso wa Unyoya ulikuwa karibu na wake, macho yamemlegea kwa uchovu.

"Baba, anasema usimvute. Anaumia."

"Nani, mwanangu? Nani anaumia?"

"Yule wa kwenye gari. Alikuwa amekaa tu. Sasa hana pa kukaa."

Usiku ule hakuna aliyelala, wala hakuna la kusimulia zaidi ya hilo. Kitanda kiliteremka mpaka mbao zikagusa sakafu. Mtoto alikuwa anahema kama amebeba gunia, na midomo yake ilianza kuwa na rangi ya jivu. Uzito ule haukuwa mwilini mwake, ulikuwa juu yake, na kifua cha mtoto si cha kubeba mtu mzima. Hilo wazazi walilijua bila kuambiwa na mtu: asipotuliwa mzigo, atakwisha.

Kulipopambazuka Dokta akatoka kwenda kwenye gari, maana mtu akichanganyikiwa hukimbilia analolijua. Akawasha. Dashibodi ikawaka taa ya mfuko wa hewa, nyekundu, ya kosa. Akachomeka mashine.

Kiti cha abiria, kosa. Uzito chini ya sifuri. Kasoro kilo sabini na mbili.

Alikaa pale na ile namba. Kiti hakiwezi kuwa chepesi kuliko hewa. Sensa mbovu husema uongo ovyo ovyo, leo hivi kesho vile. Hii ilikuwa inasema kitu kimoja kwa usahihi wa kutisha. Jana iliambiwa kwamba yule aliyekaa pale ni sifuri. Leo inamwambia kwamba ile sifuri imeshuka, na imeshuka na uzito wake wote. Sensa ilikuwa nzima tangu mwanzo. Mlevi alikuwa mwingine.

Akampigia simu mwenye gari. Mara ya kwanza alikosea namba.

"Mzee, gari lako..."

"Kengele inalia?" mwenye gari alimkatisha.

"Hailii."

Upande wa pili ulisikika mlango ukifungwa. Halafu sauti ikaja imepungua, kama mtu anayejificha anapoongea. "Fundi. Nilikwambia nini?"

"Nilidhani nakusaidia."

"Una mtoto hapo nyumbani?"

"Ninaye. Hatuwezi kumwinua."

"Mungu wangu. Usimlaze chali. Nakuja na mwenyewe aliyemkalisha."

Alikuja na mganga, mwanamke mnene wa makamo, mguu mmoja unachechemea, miwani imefungwa kwa uzi. Hakusalimia. Alizunguka gari, akaingiza kichwa ndani, akanusa, akatoka.

"Nani amekata kengele yangu?"

"Mimi, mama," alisema Dokta.

"Ulitumwa?"

"Sikutumwa."

"Mafundi!" alisema mganga, na akatema pembeni. "Mtu akikuta mbwa wa mwenzake amefungwa kengele, hujiuliza anauma kiasi gani. Nyie mnakuta kengele mnasema inapiga kelele."

Mwenye gari ndiye aliyeeleza, macho chini, akizungusha kofia mikononi. Jini lilikuwa la kwao. Lilikaa mgongoni mwa mama yake mpaka mgongo ukavunjika, mama akafa akiwa amepinda kama ndoano. Likahamia kwa dada yake. Mganga huyu hakuweza kulifukuza, lakini aligundua kwamba halipendi makuu: linataka kubebwa tu, na kutembezwa. Akalikalisha kwenye kiti cha gari. Na yule bwana akawa analitembeza, kila siku ya Mungu, kazini na kurudi, kengele ikilia. Kengele ikilia, anajua jini lipo garini. Siku ikinyamaza, ajue limeshuka, akimbilie watu wake.

"Sasa ulipolipeleka gari kwa fundi hukumweleza?" Mama Unyoya alisema mlangoni. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ungepungukiwa nini, kaka?"

"Ningesema nini, dada? Ningesema, fundi, kuna jini, nitengenezee injini? Wangapi wameshanicheka."

Mganga akamgeukia Dokta. "Irudishe kengele. Simkalishi mahali pasipo na kengele."

Hilo lilikuwa jepesi, kwa kuwa sasa kiti kilikuwa kitupu kweli. Dokta akaichomeka mashine, ikamwuliza lile swali lake, na safari hii alikipapasa kiti kwanza. Akabonyeza. Sifuri ikawa sifuri.

Wakamleta Unyoya. Alitembea mwenyewe, mama kamshika mkono, na kila hatua ardhi ilitoa mlio wa gogo linalodondoshwa. Jirani mmoja alichungulia dirishani kisha akafunga pazia. Mtoto akapanda kwenye kiti, gari likalala upande. Ti, ti, ti. Mashine ikasema themanini na saba.

Mganga akagonga paa la gari kwa kiganja. Hakufukiza ubani, hakupandisha sauti. Alisema naye kama mtu anayesema na mpangaji msumbufu. "Haya, umetembea, umeona mji. Mwache mtoto, kaa mahali pako. Mahali pako papo, pana joto lako mwenyewe."

Harufu ikapanda. Vioo vikaingia ukungu kwa ndani.

"Mama, mtoe mwanao."

Mama akavuta. Ni kama kuvuta nguzo. Unyoya akashuka kwa miguu yake, kengele ikanyamaza, mashine ikaandika sifuri. Kiti kitupu.

"Mrudishe," alisema mganga. Wakarudia. Mganga alibembeleza, akatisha, akataja majina ambayo hayaandikwi. Jasho lilimtoka mpaka miwani ikateleza. Ikawa vile vile. Mara hii Unyoya alipokuwa kwenye kiti hakuweza tena kuinua kichwa. Kilikuwa kimeinamia kifua, na kutoka hapo, bila midomo kusogea, ikatoka sauti ambayo haikuwa ya mtoto wala haikuwa ya kutisha, ilikuwa ya mtu mzima mpole aliyevunjiwa heshima mbele za watu, na upole wake ndio uliowasimamisha nywele.

"Sikai hapo. Hapo iliulizwa kama nipo, ikajibiwa sipo."

Mwenye gari alirudi nyuma hatua kadhaa. Mganga akavua miwani.

"Ana haki ya kukasirika," alisema polepole. "Miaka yote watu wanamwogopa. Hakuna aliyewahi kumwambia hayupo."

"Anataka nini?" Dokta aliuliza.

"Anataka aulizwe tena, na yule yule aliyejibu, ajibu vingine." Akamtazama fundi kwa mara ya kwanza bila hasira. "Nikwambie ukweli kabla hujafungua mdomo. Kwa mtoto amerukia tu, kama kupe; anaweza kushuka. Mtu mzima akimwambia upo, karibu, basi anakuwa kama mwenye nyumba. Mimi sina dawa ya kumtoa mtu kwenye nyumba aliyokaribishwa."

Dokta alimtazama mkewe. Mke alikuwa anamtazama mtoto. Hakusema nenda, hakusema usiende, na anayetaka kumlaumu amlaumu baada ya kumwona wake akigeuka jivu. Kengele ilikuwa inalia, na pumzi za Unyoya zilikuwa zimeanza kupishana nayo, moja kwa milio mitatu, halafu moja kwa milio minne.

Fundi akaivua mashine shingoni, akaiweka chini. Akapiga magoti kando ya mlango wa gari.

"Nilikosea," alisema. "Upo."

Hakuna kilichotokea.

"Upo," akasema tena. "Upo, nimekusikia. Mtoto hana nguvu za kukubeba. Mimi ninazo. Karibu kwangu."

Kiti kikalia kama ngozi iliyokunjuka. Kengele iliendelea, lakini namba kwenye mashine pale chini, ambayo mwenye gari peke yake ndiye aliyekuwa anaiangalia, ilishuka yote kwa mkupuo mpaka kumi na tano. Magoti ya Dokta yakazama kwenye udongo mkavu. Hakulia. Alitoa tu ile sauti ya mtu anayetwishwa gunia kabla hajajipanga.

Mama akamnyakua mtoto kwa nguvu zote alizokuwa amezikusanya kwa ajili ya nguzo, na Unyoya akaruka juu hewani kama kuku, nusura amdondoshe. Akamkumbatia, akamnusa shingoni, akamgeuza, akamnusa mgongoni. Mtoto alinuka utoto tu, na njaa.

Mwenye gari alikuwa ameshachomoa waya wa mashine, akaingia kwenye usukani. Akawasha, akasikiliza. Kimya. Akasogeza gari mbele kidogo, akasikiliza tena. Kimya. Uso wake ulifanya mambo mengi kwa wakati mmoja, na aibu ilikuwemo, lakini aibu haikumzuia kukanyaga mafuta. Aliondoka bila kufunga mlango wa upande wa pili, ukawa unapigapiga hadi kona. Hata mganga wake alimsahau.

"Mwanaume huyo!" alisema mganga, akitafuta kiatu kilichomvuka. "Na mguu wangu huu nitembee." Akakivaa, akaenda zake akichechemea.

Dokta akainuka. Alichukua muda. Alipokwisha kusimama alikuwa mfupi kuliko jana, mabega yamejaa mbele, na shati lake mgongoni lilikuwa limelowa kutoka shingoni hadi kiunoni.

Unyoya akateleza kutoka mikononi mwa mama yake, akamkimbilia kama anavyomkimbilia kila jioni, mikono juu.

"Baba, nibebe!"

"Mshike," alisema Dokta kwa mkewe.

"Baba!"

"Mshike, nimesema. Asije akalowa tena."

Mama akamdaka ukosi wa gauni. Mtoto akavuta, akalia, akataka kujua amemkosea nini baba. Dokta akamtazama. Kisha akarudisha mikono nyuma, akaishikanisha, akaanza kutembea kuelekea gereji taratibu, kila hatua ikitoa mlio wa gogo.